Jumamosi za Kisiagi

Nilitimiza miaka ishirini na moja bila kuwahi kufua soksi yangu mwenyewe, na kwa muda mrefu nililichukulia jambo hilo kuwa cheo. Wenzangu shuleni walilalamika kwamba wakifika nyumbani hawapumui: kuteka maji, kuosha vyombo, kupika. Mimi nilinyamaza kwa adabu. Kwetu, nje kidogo ya Pap Onditi, mama alinifulia, alinipikia, alinipigia sare pasi ya makaa, akanitolea na miiba kwenye samaki hadi nilipoanza kunyoa ndevu. Nisidanganye, hata baada ya hapo.

Tulikuwa watatu nyumbani. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, akamwacha mama na sisi wavulana wawili, kaka yangu akiwa amenizidi miaka mitano. Sikumbuki tukilala njaa. Mama alikuwa na shamba, alikuwa na kuku, na alikuwa na ule ukali wa kimyakimya ambao uliwafanya majirani waulize hali kutoka getini kabla ya kuingia.

Kazi yangu nilikuwa nayo moja tu, na niliipenda. Kila Jumamosi asubuhi mama alifunga mahindi na mtama kidogo kwenye gunia, akalikaza kwenye kikalio cha nyuma cha baiskeli kwa mpira, na kunituma kisiagi. Kulikuwa na kisiagi karibu, hatua chache tu baada ya kanisa, mashine yake tuliisikia ikinguruma tukiwa uani. Mama hakukitaka. Alisema kinasaga vibaya, unga wake una mchanga, utatumaliza meno. Kwa hiyo mimi nilisukuma baiskeli mpaka sokoni Pap Onditi, karibu saa nzima kwenda, nikapanga foleni na akina mama, nikasubiri, nikarudi jua likiwa kichwani.

“Usiharakishe,” aliniambia kila mara. “Waambie wasage mara mbili.”

Nami niliwaambia wasage mara mbili. Nilijiona mtu mzima. Nilidhani kati yetu wawili mimi ndiye niliyeaminiwa, kwa sababu kaka alibaki nyumbani kama mtoto, na mimi nilipewa gunia na barabara. Nikirudi nilikuta chakula kimeiva, na kaka ameketi nje ya jikoni mikono yake mibichi, inanukia kitunguu. Nikimuuliza alifanya nini asubuhi yote, alisema, “Nilikuwa nakungoja tule.” Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini?

Kaka alipomaliza shule alienda Nakuru kutafuta kazi, akapata, akakaa. Tangu hapo alikuwa anarudi Krismasi na matanga. Na hapo ndipo wivu wangu ulipoanza, maana kwenye sebule yetu kulikuwa na kabati la vioo, na ndani ya kabati hilo kulikuwa na sahani sita nyeupe zenye maua mekundu ukingoni, zimelazwa juu ya kitambaa alichofuma mama. Kabati lilifungwa kwa ufunguo. Sahani zilitoka akija mchungaji, wakija wajomba, na sasa zilitoka akija kaka. Yeye alipakuliwa ugali juu ya maua, mimi nikala kwenye sahani yangu ya plastiki ya kijani iliyokuwa imeungua upande mmoja. Niliwahi kumuuliza mama kwa nini mimi sili kwenye hizo.

“Wewe ni wa hapa,” alisema, kana kwamba nimeuliza swali la kijinga.

Nilipomaliza kidato cha nne nilijenga simba. Kwa asiyejua, simba ni nyumba ndogo ambayo kijana wa Kijaluo hujijengea ndani ya boma la baba yake anapokua, kisha halali tena katika nyumba ya mama. Ilikuwa ya udongo na mabati sita, na niliipenda kuliko nyumba yoyote niliyolala tangu wakati huo. Siku niliyohamia humo niliingia jikoni kwa mama, nikasimama karibu na moto, nikashika mwiko, nikamwambia anionyeshe jinsi ya kusonga ugali. Sikuwa na nia kubwa. Nilitaka tu siku nyingine niweze kujisongea nikichelewa.

Aliniondolea mwiko mkononi kwa upole.

“Wuoda,” alisema, yaani mwanangu, “mwanaume akishakuwa na simba hakai jikoni kwa mama yake. Watu wakikuona watasema nini?”

Hiyo ni mila yetu kweli, hakuitunga. Vilevile ni kweli kwamba mimi nilikuwa chogo, kitindamimba, na kwa mila yetu kaka mkubwa hutoka akaanzisha boma lake, lakini chogo hubaki, na nyumba ya mama huwa yake. Nilizijua mila hizo kama nilivyojua njia ya kwenda mtoni. Nilirudi kwenye simba yangu, nikaketi, na baada ya muda chakula kikaletwa mlangoni kimefunikwa.

Nilikaa hivyo miaka mitatu. Nililima kidogo, nikachunga kidogo, nikarekebisha redio za watu. Halafu jirani mmoja akaniambia kuna fundi wa friji Kisumu anayetafuta kijana wa kumfundisha kazi. Mzee huyo alikuwa akitengeneza majokofu ya wauza samaki na ya mahoteli kando ya ziwa, na hakuwa na mtoto anayetaka kazi hiyo. Angenifundisha mwaka mzima, na nikiweza, ningebaki naye. Nilimweleza mama nikitarajia vita.

Hakukuwa na vita. “Nenda uone,” alisema.

Sikulisikia vizuri neno hilo wakati ule. Hakusema nenda ujifunze, wala nenda ukae. Alinikaangia kuku, akanichomea chapati kumi na mbili, akanitia omena kavu, dagaa wa ziwani, kwenye mkebe wa maziwa ya unga, akanifungia shuka. Hakunipa sufuria. Hakunipa mwiko, wala beseni, wala hata kijiko. Aliponisindikiza getini alisema kitanda changu hakitaguswa na mtu. Nilimkumbatia kwa hilo. Nikikumbuka nilivyomkumbatia, nasikia hasira hadi leo.

Nilipanga chumba Kondele, nyuma ya kituo cha bodaboda, kwenye ploti ya vyumba kumi na bomba moja. Chapati ziliisha siku ya tatu. Siku ya nne nilinunua mtungi mdogo wa gesi, sufuria, na pakiti ya unga, nikaweka maji baridi, nikamwaga unga humo humo, nikawasha, nikakoroga na kijiko cha chai. Kilichotoka hakina jina. Nje kilikuwa gundi na ndani kilikuwa unga mkavu, na nilikila na chumvi kwa sababu nilikuwa na njaa. Omena nilizikaanga na mchanga wake, kwa kuwa sikujua kwamba huoshwa. Nilipojaribu ngege, nilipasua nyongo tumboni mwake, samaki mzima akawa mchungu hata paka wa ploti alimnusa akaondoka.

Lakini njaa haikuwa tatizo langu kubwa, kwa maana kuna vibanda. Tatizo lilikuwa nguo. Ovaroli ya fundi wa friji hunyonya mafuta, na hunyonya maji ya samaki yanayotiririka chini ya jokofu bovu. Nyumbani nilivua nguo, nikaiacha juu ya kiti, na kesho yake ikawa kwenye kamba. Kondele niliivua, nikaiacha juu ya kiti, na kesho yake ilikuwa bado juu ya kiti. Mwishowe niliiloweka kwenye ndoo pamoja na shati na soksi, nikamwaga sabuni ya unga ya kutosha, nikasubiri. Nilidhani sabuni ndiyo inayofua. Baada ya siku mbili niliinyonga, nikaianika ndani kwa sababu nje kulikuwa na mvua, nikaivaa ikiwa na unyevu.

Siku hiyo Mzee alinipeleka kwenye hoteli moja kando ya ziwa, ambako friji kubwa ya samaki ilikuwa imekufa. Nilipiga magoti nyuma ya mashine, nikamshikia kurunzi, nikampa spana alizoomba kabla hajamaliza kuomba. Kazi nilikuwa naijua tayari, hilo siwezi kulikataa. Mwenye hoteli, mama mnene mcheshi, alikuja kusimama mlangoni akaziba pua.

“Mzee,” alisema, “samaki yangu iko sawa. Ni huyu kijana wako ndio imeharibika.”

Wapishi walicheka. Mzee hakucheka. Tulipotoka nje alinisimamisha karibu na maji na kuniambia bila kupaza sauti kwamba yeye hufanya kazi ndani ya majikoni ya watu, na mtu hakubali uchafu jikoni mwake.

“Mikono yako iko poa,” alisema. “Lakini siwezi kukubeba hivi. Kuja Jumatatu kama mtu. Ukikuja hivi tena, rudi tu kwa mama yako, akufundishe kuoga na kufua, halafu mimi nitatafuta mwingine.”

Ilikuwa Alhamisi. Nilielewa vizuri kilichokuwa mbele yangu. Nikiipoteza nafasi hiyo, sikuwa na nyingine Kisumu, na ningerudi kwenye simba yangu kuketi mpaka chakula kiletwe. Jioni hiyo mama alipiga simu, kama alivyopiga kila siku, akauliza nimekula nini. Nilimwambia ukweli kwa mara ya kwanza. Nilimwambia kuhusu ugali na ovaroli na kicheko cha wapishi. Nilitaka aniambie la kufanya, kwamba nguo unaisugua hivi, maji unayachemsha kwanza. Ni maneno ya dakika mbili.

“Pole, wuoda,” alisema. “Mji ni ngumu. Si urudi tu? Chakula iko.”

Nilikaribia kurudi. Ijumaa niliitumbukiza ovaroli tena kwenye ndoo, nikakunja shuka.

Jumamosi mchana kaka alibisha mlango. Alikuwa amekuja Kisumu kwa shughuli za kazi yake, akaamua anione kabla ya kurudi Nakuru, na mkononi alikuwa na ngege wawili wakubwa kwenye karatasi. Alitazama chumba: sufuria iliyoungua, ndoo, shuka iliyokunjwa.

“Omera,” alisema, yaani ndugu yangu, “mwiko iko wapi?”

“Sina.”

“Sasa unasonga ugali na nini?”

Nilimwonyesha kijiko. Alicheka mpaka akaketi kitandani. Kisha alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaenda kumwomba jirani mwiko na kisu. Nilisimama mlangoni nikimwangalia pale bombani. Aliparua magamba kuanzia mkiani kuja kichwani, haraka, bila kuyarusha. Alipasua tumbo kwa ncha ya kisu, juu juu, akaingiza vidole viwili, akavuta kila kitu kikatoka pamoja, na kwenye kiganja chake ile nyongo ilikuwa nzima, ya kijani, haijapasuka.

“Ulijifunza wapi hiyo?” nilimuuliza.

“Si ni kwa mama?”

“Mama yupi?”

Alinitazama akidhani natania. “Mama yetu. Jumamosi.”

“Jumamosi gani?”

“Zile ulikuwa unaenda kisiagi,” alisema, na hapo akaona uso wangu, kisu kikasimama. “Wewe hukuwa unajua? Nilifikiria siku hizi unajua.”

Alinawa mikono polepole, na kwa kuwa tayari alikuwa amesema nusu, akasema yote. Miaka yake miwili ya mwisho nyumbani, kila Jumamosi baiskeli yangu ikishapita kanisa, mama alimwita jikoni. Alimfundisha kuwasha moto na kuuzima, ugali, samaki, mboga za kienyeji na jinsi ya kutoa uchungu wake kwa maziwa. Alimfundisha kufua nguo nyeupe kwanza na za rangi baadaye, kushona kifungo, kupiga pasi kola. Na yeye wakati huo alikuwa na simba yake. Ile mila niliyowekewa mlangoni kama komeo, kwake ilifunguliwa kila wiki.

“Alikuwa anasema huko unaenda hakuna mtu atakufanyia,” kaka alisema.

“Na mimi?”

“Alisema wewe ni chogo, wewe hauendi mahali. Alisema nisikuambie, kwa sababu mtu akishajua kujifanyia vitu, nyumbani hapamshiki.”

“Na wewe ukakubali.”

“Nilikuwa na miaka kumi na saba.”

“Miaka kumi na saba ni mtu mzima.”

Alikifuta kisu kwenye karatasi ya samaki. Kisha akasema jambo ambalo nadhani lilikuwa la kweli kuliko yote, na ndilo lililoniuma zaidi. “Omera, nilitaka kuenda. Na nisingeweza kumwacha peke yake. Mmoja wetu alikuwa lazima abaki.”

Kwa hiyo walikuwa wamegawana. Yeye alipewa dunia, mimi nikapewa gunia, na hakuna aliyeniuliza. Nilifikiria zile foleni zote, jua lote lile, gurudumu lililopasuka mara mbili karibu na daraja nikabeba gunia kichwani. Nilifikiria kile kisiagi cha karibu. Kila mtu pale kwetu alikitumia. Sikuwahi kumwona jirani hata mmoja aliyeharibika meno. Nilikuwa nimesimama sokoni nikidai unga wangu usagwe mara mbili ili tu somo lisikatizwe.

Tena kaka alipoondoka mama aliendelea kunituma, mwaka baada ya mwaka, na hakukuwa tena na mtu wa kufundishwa. Nadhani aliogopa kwamba akinituma kisiagi cha karibu ghafla, ningeuliza.

Kaka alipika. Nilikula, na chakula kilikuwa kitamu, kilikuwa na ladha ya nyumbani kabisa, na utamu huo uliniudhi kuliko ugali wangu wote mbovu. Alipoaga sikumsindikiza. Nilijiona nimesalitiwa na watu wawili niliowapenda, na mbaya zaidi, nimesalitiwa kwa chapati na pasi na samaki waliotolewa miiba. Mtu akikupiga unajua amekupiga. Mimi nilikuwa nikisema asante.

Nilikunjua ile shuka nikaitandika tena. Sikufanya hivyo kwa ushujaa. Nilifanya kwa hasira, nikiwaza kwamba hata nikilala njaa, sitamfurahisha.

Jumapili asubuhi nilirudisha mwiko kwa jirani. Alikuwa mama wa makamo kutoka Murang’a, muuza mitumba pale Kondele, ambaye hapo awali tulisalimiana tu. Aliniangalia, akaangalia ile ndoo iliyokuwa mlangoni pangu, akakunja uso.

“Hiyo nguo imelala kwa maji tangu lini?”

“Juzi.”

“Hiyo si kuosha, hiyo ni kuozesha. Leta beseni.”

Sikuwa na beseni. Alileta lake. Alinionyesha kupaka sabuni ya kipande kwenye mafuta kwanza kabla ya maji, kusugua kitambaa kwa kitambaa na si kwa vidole, kusuuza mara tatu hadi maji yawe meupe, kuigeuza ndani nje kabla ya kuianika. Mtu anayeuza nguo za mitumba anajua harufu zote za nguo na dawa zake. Nilichubuka vidole, naye alinikemea bila huruma. Kati ya suuza ya pili na ya tatu aliniuliza, kwa wema kabisa, “Kwani mama yako alikufundisha nini?”

Nilijibu kwamba alinifundisha kwenda kisiagi. Hakuelewa, nami sikumfafanulia.

Jumatatu Mzee alinikaribia, akavuta pumzi waziwazi mbele ya watu, akanipa sanduku la spana nibebe. Nilibaki.

Wiki zilizofuata yule mama aliendelea kunifundisha, kidogo kidogo, akirudi kutoka sokoni. Samaki hakujua kuwatengeneza, kwao si walaji sana wa samaki, kwa hiyo nyongo nilijifunza mwenyewe kwa kupasua nyingi. Ugali alinifundisha kama wanavyoupika kwao, laini, unaokubali kidole. Mjaluo yeyote angeucheka. Mimi niliula kwa sababu ulikuwa wangu.

Simu za mama nilipokea. Nilimjibu kwa ufupi, nimekula, ndiyo, kazi iko sawa. Yeye hakuuliza nani ananifulia, nami sikusema. Kaka lazima alimwambia, maana baada ya Jumamosi ile hakunitajia tena kurudi.

Baada ya miezi miwili nilienda nyumbani. Nilichagua Jumamosi makusudi. Nilinunua ngege wawili, nikafika kabla ya saa nne asubuhi bila kumjulisha. Mama alikuwa uani akipepeta mtama. Alikuwa amepungua. Aliniona, akatabasamu, kisha tabasamu likasita lilipofika kwenye shati langu, ambalo lilikuwa safi na limepigwa pasi kola yake.

“Nipe hao samaki,” alisema.

“Leo napika mimi.”

“Una simba, wuoda. Jikoni si—”

“Kaka alikuwa na simba.”

Aliweka ungo chini. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, makali, na nikayasema karibu yote. Nilimwambia alinidanganya kila wiki kwa miaka. Nilimwambia alinifanya kiwete mwenye miguu. Nilimwambia siku ile aliponipigia nikamlilia kuhusu nguo, angeweza kunisaidia kwa dakika mbili, na akachagua nishindwe. Alinisikiliza akiokota punje za mtama zilizoanguka kwenye nguo yake.

“Mmoja nilimfundisha,” alisema mwishowe. “Akaenda. Unamwona Krismasi. Na wewe ningekufundisha uende?”

“Ungeniambia basi. Ungeniambia unataka nibaki.”

“Ningekuambia, ungebaki?”

Nilitaka kusema ndiyo, kwa sababu ndiyo ingemuumiza zaidi. Lakini haikuwa kweli, na yeye alijua, na tukaachana hapo. Sijamsamehe kikamilifu. Naandika hivi nikiwa bado na donge.

Niliingia jikoni. Niliwasha moto, nikaparua samaki, nikaingiza vidole viwili, nyongo ikatoka nzima. Mama alisimama mlangoni pa jiko lake mwenyewe, mikono nyuma. Nilimwomba unga. Alinyoosha kidole kwenye mfuko kwenye kona, na ulikuwa mfuko mdogo wa karatasi, wa mtu mmoja.

“Umesagwa wapi?” niliuliza.

“Hapo tu. Karibu na kanisa.”

Alisema hivyo akinitazama machoni. Nilichukua unga kidogo nikausugua kwenye meno kwa kidole. Haukuwa na mchanga.

Nilisonga ugali nilivyojua. Mama aliutazama ulivyokuwa ukitetemeka kwenye sufuria, na kwa muda mfupi alishindwa kujizuia.

“Hii ni uji,” alisema. “Nani alikufundisha?”

“Jirani. Mama mmoja wa Murang’a.”

Alitikisa kichwa polepole mara kadhaa. Nadhani hilo lilimuuma kuliko maneno yangu yote ya uani, na wakati ule nilifurahi. Kisha akaniuliza kama nitalala. Nilimwambia hapana, Mzee ananitarajia kesho kuna friji ya kuhamishwa, lakini nitakuwa nakuja kumtembelea. Neno hilo lilitoka lenyewe. Mama alilisikia.

Aliingia sebuleni. Nilimsikia akisogeza kitu, kisha mlio wa ufunguo. Nilipoingia na sufuria alikuwa ameshafunua meza, na juu yake kulikuwa na sahani mbili nyeupe zenye maua mekundu ukingoni. Sahani yangu ya kijani ilikuwa ukutani jikoni, ikining’inia kwenye msumari wake, nilikuwa nimeiona nikipika.

“Mama, si ile yangu iko—”

“Kaa,” alisema.

Alinivutia kiti cha upande wa dirisha, anachoketi mchungaji. Alileta birika la maji ya moto na beseni, akainama, akaninawisha mikono kwa utaratibu ule anaowanawishia wajomba, kitambaa begani. Tulikula. Alikula ugali wangu wote laini bila kulalamika tena, na aliniuliza habari za kazi kwa sauti ya heshima, kama barabara ni nzuri, kama kuna mvua Kisumu. Nilijibu kwamba mvua ipo.

Nilipomaliza niliinuka na sahani kwenda kuiosha, maana sasa nilijua. Aliishika upande wa pili. Tulibaki tumeishika wote wawili juu ya meza.

“Wacha,” alisema. “Wewe ni mgeni.”

Aliiosha mwenyewe, akaikausha, akairudisha kabatini juu ya kitambaa, akafunga kwa ufunguo.